Bega linalochomoka na bega linalobana: lipi ni lako, na ulifanyie nini

Ukiuliza katika jimu nyingi za Kampala au Jinja ufanye nini na bega linalouma, jibu huwa moja: linyooshe, livute kifuani, ning'inia kwenye chuma. Ushauri huo humfaa mtu mmoja na kumdhuru mwingine. Bega lililokaza hufunguka kwa kuvutwa, lakini bega lililolegea huzidi kulegea. Kwa hiyo kabla ya kuchagua zoezi, sindano au upasuaji, jua kwanza uko upande gani. Hapa tunaziweka hali mbili kando kwa kando: bega lisilotulia, yaani linalochomoka au kutishia kuchomoka, na bega linalobana, yaani lenye maumivu ya kano zinazopita chini ya paa la bega mkono unapoinuliwa.

Kinachoharibika ndani

Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa kuliko kisahani kinachokipokea. Ndiyo sababu bega huzunguka kuliko kiungo kingine chochote kikubwa, na ndiyo sababu pia huchomoka kuliko vingine. Kinachokizuia kichwa hicho kisitoke ni ukingo wa gegedu unaokizunguka kisahani, mfuko wa kiungo pamoja na ligamenti zake, yaani nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, na misuli minne ya rotata kafu inayokikumbatia kutoka mbele, juu na nyuma. Kisha kuna bapa la bega, ule mfupa mpana wa mgongoni. Lisipozunguka vizuri mkono unapopanda, kisahani hubaki kimeelekea pabaya na misuli hiyo minne hufanya kazi ya ziada.

Bega likichomoka, zaidi ya mara 9 kati ya 10 hutokea kwa mbele. Mkono unakuwa umeinuliwa pembeni na kupinda nyuma, halafu nguvu inausukuma zaidi. Humpata mchezaji wa raga anayemkaba mwenzake kwa mkono mmoja ulionyooka, golikipa anayeanguka akiwa amenyoosha mkono, au abiria wa boda anayetanguliza mkono kwenye lami. Ukingo wa gegedu hung'oka upande wa mbele, na kichwa cha mfupa hubonyea upande wa nyuma kinapogonga ncha ya kisahani. Majeraha hayo mawili mara nyingi hayaponi yakarudi kama mwanzo, na ndiyo maana mara ya pili huja kirahisi kuliko ya kwanza.

Bega linalobana lina njia nyingine. Mwaka 1972 daktari Charles Neer wa Marekani alieleza kwamba kano husuguliwa na mfupa wa paa la bega, na kwa miongo kadhaa madaktari waliuchonga mfupa huo ili kuongeza nafasi. Maelezo hayo yamepungua nguvu. Kinachokubalika zaidi leo ni kwamba kano imebebeshwa mzigo kuliko uwezo wake: fundi rangi aliyepaka dari wiki nzima, mvuvi wa Ggaba anayevuta nyavu kila alfajiri, bondia wa Katwe aliyeongeza raundi za begi ghafla, mkulima katika wiki ya kwanza ya msimu. Jina la kubana limebaki, lakini kazi ya tiba si kupanua nafasi. Kazi yake ni kuijenga kano na misuli mpaka iubebe mzigo ule.

Kuna kundi la tatu, na hilo ndilo linalokosewa zaidi. Ni kijana wa miaka 17 hadi 30, mchezaji wa voliboli au netiboli, mrusha mkuki, mwogeleaji, ambaye analalamika kubanwa ilhali mzizi wa tatizo ni kulegea. Kichwa cha mfupa kinateleza kidogo kila anaporusha, misuli ya rotata kafu inachoka kukizuia, kano zinauma. Akipewa mazoezi ya kunyoosha, maumivu hupungua kwa siku chache, kisha hurudi yakiwa makali zaidi. Msimamo wetu ni huu: mwenye umri chini ya miaka 30 anayebanwa bega, hasa kama anarusha au anapiga mpira juu ya kichwa, achukuliwe kuwa bega lake limelegea mpaka uchunguzi uonyeshe vinginevyo.

Dalili, bega kwa bega

| | Linalochomoka | Linalobana |
|---|---|---|
| Lilianzaje | Siku inayojulikana: kuanguka, kukaba. Au viungo vimelegea tangu utotoni | Polepole, baada ya kazi au mazoezi kuongezeka |
| Kinachotawala | Hofu kwamba litatoka, mkono kuishiwa nguvu ghafla | Maumivu pembeni ya bega, mkono ukiwa kati ya nyuzi 60 na 120 |
| Mkao mbaya | Mkono pembeni, kiwiko kimepinda, kiganja kikielekea nyuma kama wa kurusha | Mkono juu ya kichwa, au mbele huku umezungushwa ndani |
| Usiku | Mara nyingi shwari ukiuegemeza mkono mbele | Kulilalia bega hukuamsha |
| Umri wa kawaida | Ujana, michezo ya kugongana | Miaka 35 na kuendelea, na wanaofanya kazi za juu |

Kipimo kinachotenganisha vizuri kuliko vyote ni kile cha hofu. Mgonjwa analala chali, mkono unawekwa pembeni kwa nyuzi 90, kiwiko kimepinda, kisha kiganja kinarudishwa nyuma taratibu. Swali la kumuuliza si kama anaumia. Ni kama anahisi linataka kutoka. Maumivu peke yake hayathibitishi kulegea. Hofu, kukaza uso, kuukamata mkono ndivyo vinavyothibitisha. Mpimaji akiliwekea bega kiganja kwa mbele na kulisukuma nyuma kidogo, hofu ikaisha palepale, jibu limepatikana. Kipimo hiki afanye mtaalamu wa fiziotherapia au ofisa wa mifupa. Ukijipimia kwa mwenzako chumbani unaweza kulichomoa kweli.

Cha kufanya nyumbani bila hatari ni kuhesabu ulegevu wa mwili mzima, jumla ya alama 9. Kidole kidogo kurudi nyuma kupita nyuzi 90 ni alama 1 kila mkono. Kidole gumba kugusa mkono wa mbele, alama 1 kila mkono. Kiwiko kupinda kinyume kupita nyuzi 10, alama 1 kila upande, na goti vivyo hivyo. Kuinama na kulaza viganja vyote chini bila kukunja magoti, alama 1. Mtu mzima akifika 5 au zaidi, viungo vyake ni vilegevu kwa asili, na mazoezi ya kunyoosha bega si yake.

Kwa bega linalobana, omba mtu asimame nyuma yako. Inua mkono mara moja na uyape maumivu alama kati ya 0 na 10. Kisha inua tena huku yeye akiisukuma ncha ya chini ya bapa la bega kuelekea juu na mbele. Maumivu yakishuka waziwazi, bapa la bega ni sehemu kubwa ya tatizo, na mazoezi yake yatangulie mengine yote.

Siku za kwanza

Bega lililochomoka uwanjani lisivutwe na kocha wala na mganga wa kuunga mifupa. Kuweka mguu kwapani na kuvuta kumevunja mifupa na kuumiza mishipa ya fahamu. Ufunge mkono katika mkao mgonjwa anaojisikia nafuu, pima mapigo kwenye kifundo cha mkono, gusa ngozi ya nje ya bega uone kama ana hisia, halafu hospitali. Ganzi ya sehemu hiyo inaonyesha mshipa wa fahamu wa bega umeguswa, na lazima iandikwe kabla ya kurudishwa ili ijulikane ilikuwepo tangu mwanzo. Eksirei ipigwe pande mbili, si moja, kwa sababu bega lililochomokea nyuma huonekana karibu la kawaida kwenye picha ya mbele tu. Hilo la nyuma hutokea hasa baada ya kifafa au kupigwa na umeme, na mkono huwa umekwama kwa ndani.

Kitambaa cha kuning'inizia mkono ni cha kutuliza maumivu. Kwa vijana, kukivaa zaidi ya wiki 1 hakujaonyesha kupunguza kuchomoka tena, kwa hiyo wiki 1 hadi 3 inatosha kulingana na maumivu. Tangu siku ya kwanza fungua na ukunje vidole, kifundo na kiwiko. Kinachokatazwa kwa wiki 6 ni ule mkao wa kurusha: mkono pembeni na kiganja nyuma.

Bega linalobana halitaki kufungwa hata siku moja. Kulifunga ndiko kunakolifanya likaze. Punguza kazi za juu ya kichwa kwa nusu hivi, endelea na zile za chini ya kifua. Maumivu yasizidi 4 kati ya 10 wakati wa zoezi, na kesho asubuhi yawe yamerudi palipokuwa. Yakiwa juu zaidi kesho yake, punguza uzito au marudio. Usiache zoezi lote.

Kazi za kila siku zinavyotofautiana

Watu hufanya mazoezi dakika 20 na kubeba vitu saa 8, kwa hiyo sehemu hii ina uzito wake. Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20. Ikining'inia mkononi, hulivuta bega kwenda chini: mwenye viungo vilegevu kwa asili huhisi bega likishuka na vidole kufa ganzi, wakati mwenye bega linalobana mara nyingi hana shida nayo kabisa. Shida yake huja anapoipandisha kichwani. Nayo ikishafika kichwani na mkono ukaishikilia kwa pembeni, mwenye bega linalochomoka yuko katika mkao wake wa hatari huku kilo 20 zikitikisika. Kwa huyo, ibebe kwa mikono miwili mbele ya mwili, au tumia jerikeni mbili za lita 5, hadi mtihani wa kurudi utakaoelezwa chini. Kwa anayebanwa, mtu amsaidie kuitwika, basi.

Jembe lina mantiki hiyohiyo. Linalobana huumia jembe linapopita juu ya kichwa: liinue hadi kifuani tu, mpini uwe mrefu, na ubadilishe mkono unaotangulia kila mstari. Linalochomoka huumia kwa mshtuko jembe linapogonga ardhi kavu. Ngoja mvua ilainishe udongo au mwachie mwingine kazi hiyo kwa wiki 6 za mwanzo.

Vifaa

Mpira wa mazoezi si lazima ununuliwe. Tyubu ya baiskeli iliyokatwa penye valvu na kupasuliwa kwa urefu, ukanda wa upana wa sentimita 3 hadi 4 na urefu wa mita 1.5, unafanya kazi ileile. Ioshe unga wa ndani, ivute kwanza kwa miguu uone kama ina nyufa, ifunge kwenye nondo za dirisha au nguzo isiyotikisika. Chupa ya nusu lita ya maji ni nusu kilo; ukiijaza mchanga mkavu badala ya maji inakaribia gramu 800. Chupa ya lita 1.5 ni kilo moja na nusu. Hizo zinatosha kwa wiki 6 za mwanzo za watu wengi, hata askari na wanyanyua vyuma, maana misuli inayolengwa ni midogo.

Mazoezi yaleyale, malengo tofauti

Zoezi la msingi la pande zote mbili ni kuzungusha mkono nje dhidi ya mpira. Simama ubavu wa mkono usiofanya zoezi ukielekea dirisha ulipofungwa mpira, kiwiko kimepinda nyuzi 90 na kimebana taulo iliyokunjwa kati yake na mbavu, zungusha kiganja nje, rudi kwa kuhesabu hadi 3. Taulo huzuia mkono usikimbilie misuli mikubwa. Kwa anayebanwa fanya seti 3 za marudio 15, na lengo ni mzigo: kila wiki mpira uwe mzito kidogo au seti moja iongezeke. Katika jaribio la Sweden la mwaka 2012, wagonjwa waliokuwa wakisubiri upasuaji walipewa mazoezi ya kano na bapa la bega, 3 kwa 15, mara mbili kwa siku kwa wiki 8, kisha mara moja kwa siku kwa wiki 4. Baada ya hapo 20 kati ya 100 ndio walioamua kufanyiwa upasuaji, dhidi ya 63 kati ya 100 waliopewa mazoezi yasiyolenga kitu. Hiyo ndiyo sababu tunasisitiza mzigo wenye mpango, siyo kuzungusha mikono hewani.

Kwa linalochomoka lengo la zoezi hilohilo ni udhibiti. Anza hata kabla ya kusogea: wiki ya kwanza, sukuma mgongo wa kiganja ukutani kwa nguvu ndogo, sekunde 30 mara 5, kisha kiganja kwa ndani vivyo hivyo. Kuanzia wiki ya 3, tumia mpira kiwiko kikiwa ubavuni, seti 3 za 10 hadi 12. Kuanzia wiki ya 6, mkono unapanda: kwanza nyuzi 45 kutoka ubavuni, na baada ya wiki kama 2 nyuzi 90.

Hapa ndipo tunapoona makosa mabaya zaidi. Mkono ukiwa pembeni kwa nyuzi 90, elekea mlipofungwa mpira wakati unafanya mzunguko wa nje. Mpira unauvuta mkono mbele, mahali salama. Ukigeuka ukaupa mpira mgongo ili ufanye mzunguko wa ndani, mpira unauvuta mkono nyuma, kwenye mkao uleule uliolitoa bega. Ukichoka sekunde moja, unalichomoa wewe mwenyewe. Zoezi hilo la pili lisubiri wiki ya 10 au zaidi, mpira mwepesi, na mzunguko usipite mstari wa kifua.

Pushapu nazo zina pande mbili. Toleo linalohitajika ni lile lenye nyongeza: ukishanyoosha viwiko, sukuma zaidi mpaka mgongo wa juu uviringike na mabapa ya bega yaachane. Hilo huamsha msuli wa serratasi unaolizungusha bapa la bega. Kwa anayebanwa anza ukutani, wiki ya 2 kwenye meza, wiki ya 4 sakafuni, seti 3 za 12. Kwa linalochomoka mbele, ngazi ni zilezile ila polepole zaidi, viganja viwe chini ya mabega si mbali pembeni, na viwiko visipite nyuma ya mstari wa mgongo. Kwa yule ambaye bega lake huteleza nyuma, pushapu ndilo zoezi la hatari kuliko yote, na huyo aanzie kwenye kuvuta mpira kuelekea mbavu. Askari wapya wenye bega la namna hiyo wamwambie ofisa wa afya wa kambi mapema, kwa sababu pushapu 50 za asubuhi zinalilegeza kila siku.

Kwa bapa la bega, lala kifudifudi kitandani mkono ukining'inia, inua mkono kwa mshazari kuelekea juu, kidole gumba kikitazama dari: seti 3 za 10 bila uzito, kisha nusu kilo. Zoezi hili halina mgogoro kati ya pande mbili, isipokuwa mwenye bega linalochomoka asipitishe mkono juu ya usawa wa kitanda kwa wiki 6.

Kuinua mkono mbele kidogo ya pembeni, gumba juu, chupa mkononi, ni zoezi la anayebanwa zaidi. Aanze hadi usawa wa bega, avuke tu maumivu yakiwa chini ya 4. Kuinua huku gumba likitazama chini, kama mtu anayemwaga maji, ni mtindo wa zamani unaochokoza kano, acheni. Kujisukuma kati ya benchi mbili, na kuvuta chuma nyuma ya shingo, hazimfai yeyote kati yao.

Na kunyoosha? Kama bega lako halichomoki, lala chali, magoti yamekunjwa, mkono pembeni kwa nyuzi 90, zungusha kila mkono ndani na nje, ulinganishe pande mbili. Kama mzunguko wa ndani wa mkono wa kurushia umepungua nyuzi 20 au zaidi kuliko mwingine, na jumla ya ndani na nje pia imepungua, nyuma ya kiungo pamekaza. Basi vuta mkono kifuani kwa kuushika juu ya kiwiko, sekunde 30 mara 4, kila siku. Kama mzunguko wa ndani umepungua lakini wa nje umeongezeka kwa kiasi kilekile, jumla ikabaki sawa, hilo ni badiliko la kawaida la warushaji, usiguse. Kama pande zote ni legevu, kunyoosha kusahauliwe.

Sindano

Sindano ya steroidi chini ya paa la bega ina kazi ndogo lakini ya kweli kwa anayebanwa. Katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2021 kwa watu 708, ilipunguza maumivu kidogo katika wiki 8 za kwanza, lakini baada ya miezi 12 hakukuwa na faida iliyobaki. Jaribio hilohilo lilionyesha jambo jingine linalofaa hapa kwetu ambako kliniki iko mbali: kikao kimoja kizuri cha maelekezo na mazoezi ya nyumbani kilifanya sawa na vikao 6 vya kusimamiwa. Kwa hiyo ukitoka Bombo au Busia kwenda kumwona mtaalamu mara moja, usidhani umepata nusu ya tiba, mradi umerudi na programu iliyoandikwa na uitekeleze.

Sindano itumike pale maumivu yanapozuia usingizi na mazoezi, na wiki moja au mbili baada yake usibebe vizito. Mwenye kisukari apime sukari kila siku kwa wiki nzima, itapanda. Kwa bega linalochomoka sindano hii haina kazi: haiponyi ukingo uliong'oka, na ikifuta maumivu inaondoa onyo.

Upasuaji

Hapa njia zinaachana kabisa, na tunaomba msomaji asizichanganye.

Kwa anayebanwa, kuchonga paa la bega hakupendekezwi. Majaribio mawili ya mwaka 2018, moja la Uingereza na moja la Finland, yalilinganisha upasuaji huo na upasuaji wa kuigiza ambao kamera iliingizwa bila kuchonga chochote. Tofauti haikuwa na maana kwa mgonjwa. Jopo la kimataifa likatoa pendekezo kali dhidi yake mwaka 2019. Ukiambiwa uuze ng'ombe kwa ajili ya operesheni hiyo, omba kwanza wiki 12 za mazoezi halisi. Isipokuwa mmoja tu: aliyeanguka au kuvutwa ghafla, na tangu siku hiyo hawezi kuinua mkono. Huyo anaweza kuwa amechanika kano kabisa, apigwe altrasaundi mapema, hasa akiwa na zaidi ya miaka 40.

Kwa linalochomoka, umri na mchezo ndivyo vinavyoamua. Kijana wa kiume chini ya miaka 20 anayerudi kwenye raga bila upasuaji ana uwezekano unaozidi nusu wa bega kutoka tena. Utafiti wa wanamichezo wa vyuo Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulifuata wanamichezo 45 ambao bega lilichomoka au kuteleza katikati ya msimu: 33 walirudi kucheza msimu uleule, lakini ni 12 tu waliomaliza bila kuchomoka au kuteleza tena. Kila kuchomoka kunakula mfupa wa kisahani. Kwa hiyo kijana wa aina hiyo azungumze na daktari bingwa wa mifupa baada ya mara ya kwanza, asingoje ya tano. Ukingo peke yake ukiwa umeng'oka, unaweza kushonwa kwa upasuaji wa matundu madogo unaotumia kamera. Kama kisahani kimepoteza mfupa kiasi cha asilimia 20 hivi au zaidi, kushona hakutoshi. Hutumika njia ya Latarjet, ambapo kipande cha mfupa kutoka mbele ya bapa la bega huhamishwa na kufungwa kwa skrubu kwenye kisahani. Muulize daktari moja kwa moja ni ipi kati ya hizo mbili anayoifanya mara kwa mara. Mazoezi yanabaki ya lazima baadaye, na kugongana uwanjani kunangoja miezi 5 hadi 6.

Tofauti na hao, aliyelegea kwa asili bila ajali afanye mazoezi kwa miezi 6 kabla mtu hajataja kisu. Burkhead na Rockwood walionyesha mwaka 1992 kwamba mazoezi yalileta matokeo mazuri kwa mabega 80 kati ya 100 ya kundi hilo, lakini 16 tu kati ya 100 ya yale yaliyoharibiwa na ajali. Takwimu hizo mbili ndizo tunazotamani kila kocha azijue, kwa sababu "fanya mazoezi tu litapona" ni kweli kwa mmoja na si kweli kwa mwenzake.

Kurudi

Anayebanwa hahitaji ruhusa ya siku moja. Anarudi kwa ngazi. Bondia aanze na raundi 2 za begi, kila siku ya tatu, aongeze raundi moja kwa wiki. Mchezaji wa voliboli ahesabu mapigo ya juu ya kichwa, aanze na 20 kwa kipindi.

Kwa linalochomoka kalenda haitoshi. Mkono uinuke kote bila hofu, nguvu ya kuzungusha nje ifikie asilimia 90 ya upande mzima, kisha ufanyike mtihani wa sakafu: weka alama mbili umbali wa sentimita 91, kaa mkao wa pushapu mkono mmoja kwenye kila alama, kwa sekunde 15 peleka mkono mmoja uguse mwingine kwa zamu. Fanya mara 3, pumzika sekunde 45 kati yake, chukua wastani. Chini ya 21, usirudi kukabana. Ukifika, wiki ya kwanza kaba begi la mchanga ukiwa umepiga magoti, ya pili mtu anayetembea, ya tatu anayekimbia, na kila mara kiwiko kiwe mbele ya kifua. Mkabaji anayenyoosha mkono pembeni atalitoa bega tena hata likiwa na skrubu.

Likiwa si hili wala lile

Bega ambalo hata mtu mwingine hawezi kulizungusha nje, hasa kwa mwenye kisukari wa miaka 40 hadi 60, ni bega lililoganda. Programu zote mbili hapo juu zitalichokoza. Maumivu yanayoshuka hadi vidoleni na kubadilika ukigeuza shingo hutoka shingoni. Bega lenye joto na uvimbe pamoja na homa, au maumivu ya usiku yanayoambatana na kupungua uzito, lisifanyiwe zoezi lolote: nenda hospitali ya rufaa iliyo karibu, iwe Mbale, Gulu, Mbarara au Mulago, siku hiyohiyo kama kuna homa.